Mkuza Unapopita Shambani Kwako: Kazi ya Afisa wa Mkuza na Haki za Mwananchi wa Handeni na Korogwe

Umeme unaowaka nyumbani, maji yanayotoka bombani na mafuta yanayosafirishwa kwenda bandarini hupita kwanza katika ardhi ya mtu. Ardhi hiyo yaweza kuwa shamba la mahindi, kiwanja cha nyumba, malisho ya kijiji au shamba la mkonge. Sehemu ya ardhi iliyotengwa kwa ajili ya kupitisha miundombinu hiyo huitwa mkuza. Mtu anayesimama kati ya mwenye miundombinu na mwenye ardhi ndiye afisa wa mkuza.

Makala hii imeandaliwa kwa ajili ya wananchi wa wilaya za Handeni na Korogwe mkoani Tanga, ingawa yaliyomo yatawafaa pia walio katika wilaya nyingine. Tunaeleza kazi ya afisa huyo, mipaka ya mamlaka yake, namna fidia inavyokokotolewa kisheria, mambo yanayoruhusiwa na yanayokatazwa ndani ya mkuza, na mahali pa kupeleka malalamiko. Tunawaomba wasomaji waihifadhi, kwa kuwa afisa wa mkuza aghalabu hafiki siku ambayo mwenye shamba amejiandaa kumpokea.

Mikuza iliyopo katika wilaya zetu

Korogwe ni miongoni mwa wilaya za mwanzo nchini kuishi na nyaya za msongo mkubwa. Kituo cha kufua umeme cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964. Mwaka 1995 kilifuatiwa na kituo kipya cha Pangani chenye uwezo wa megawati 68, kinachotumia maji ya mto huohuo. Umeme wa vituo hivyo husafirishwa kwa nyaya za msongo mkubwa zinazokatiza mashamba na vijiji, na chini ya nyaya hizo kuna mkuza ambao ni lazima uwe wazi wakati wote.

Upande wa maji, Handeni imetegemea kwa miaka mingi bomba kuu linalojulikana kwa kifupi kama HTM, ambalo huchukua maji katika Mto Pangani na kuyapandisha hadi wilayani. Bomba hilo ni la tangu miaka ya 1970. Handeni na Korogwe zimo pia katika mradi wa maji wa miji 28 unaotekelezwa kwa mkopo kutoka India, na mradi huo una mabomba mapya yanayohitaji njia zake.

Mkuza unaozungumzwa zaidi siku hizi ni ule wa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, maarufu kama EACOP. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani jijini Tanga, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Linaingia mkoani Tanga na kupita katika wilaya kadhaa, Handeni na Korogwe zikiwamo, kabla ya kufika baharini. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani mwezi Agosti 2017, na kibali cha ujenzi kwa upande wa Tanzania kilitolewa na EWURA mwaka 2023. Kwa ajili ya ujenzi, bomba hilo lilitengewa mkuza wenye upana wa mita 30.

Zipo pia nguzo za umeme na mabomba ya maji yanayopita ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Awali ilikuwa mita 22.5. Wenye nyumba na biashara kandokando ya barabara kuu zinazokutana Segera wanapaswa kulikumbuka hilo kabla ya kuchimba msingi.

Afisa wa mkuza ni nani?

Huitwa kwa majina mbalimbali: afisa ardhi wa mradi, msimamizi wa njia ya umeme, au afisa mahusiano ya jamii na ardhi. Anaweza kuwa mwajiriwa wa shirika lenye miundombinu, au wa kampuni iliyopewa mkataba. Wengi wamesomea usimamizi wa ardhi, uthamini, upimaji, sheria au sosholojia. Hata hivyo, elimu ya darasani peke yake haimtoshelezi. Afisa anayefanya kazi Handeni na Korogwe hukutana na mzee anayeeleza mpaka wa shamba lake kwa Kizigua au Kisambaa, na mpaka wenyewe ni mti uliokwishaanguka. Asiyejua kusikiliza hawezi kuandika taarifa sahihi.

Kabla ya ujenzi, afisa wa mkuza hutambua wenye ardhi, hufafanua mradi katika mikutano ya kijiji, huwaongoza wapimaji na wathamini, na hutunza kumbukumbu za kila kipande cha ardhi kinachoguswa. Watu wengi hudhani kwamba kazi yake huishia hapo, fidia ikishalipwa. Ukweli ni kwamba kipindi kirefu zaidi cha kazi yake huanza baada ya bomba kufukiwa au nyaya kuvutwa, kwa sababu miundombinu huhitaji matengenezo kwa miaka mingi.

Katika kipindi cha matengenezo, afisa huyo hutembea mkuza na kukagua mambo kadhaa: miti iliyokaribia nyaya, mmomonyoko uliofukua bomba, nguzo za alama zilizong'olewa, majengo mapya, mashimo yaliyochimbwa na moto wa mashamba. Hutoa taarifa kwa wenye ardhi kabla ya mafundi kuingia. Huhesabu mazao yatakayoharibiwa na kazi, hushuhudia uharibifu uliotokea, hufuatilia malipo yake, na mwishoni humkabidhi mwenye shamba ardhi yake ikiwa katika hali inayofaa kulimwa.

Asichoweza kufanya afisa wa mkuza

Tunasisitiza mipaka ifuatayo kwa sababu kutoijua kumewagharimu wananchi wengi.

Kwanza, afisa wa mkuza hapangi thamani ya ardhi yako. Kazi hiyo ni ya mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na taarifa ya uthamini wa fidia huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Afisa akikutajia kiasi cha fedha kabla ya uthamini kufanyika, kichukue kama maoni yake binafsi.

Pili, hana mamlaka ya kupokea fedha kutoka kwako ili jina lako liingizwe kwenye orodha, ili mkuza uhamishwe au ili malipo yaharakishwe. Hakuna ada ya namna hiyo. Anayekudai anaomba rushwa, na taarifa zake zipelekwe TAKUKURU kwa namba 113.

Tatu, hawezi kuamua mgogoro wa mpaka kati yako na jirani. Anachopaswa kufanya ni kuandika kwamba kipande hicho kina mgogoro na kuuacha uamuzi kwa vyombo vya ardhi. Akimwandika mmoja wenu kwa kuwa ndiye aliyekuwapo siku hiyo, mwombeni mwenyekiti wa kijiji aingize pingamizi kwa maandishi.

Nne, hawezi kukulazimisha kutia saini karatasi usiyoielewa. Una haki ya kusomewa, kufafanuliwa na kupewa nakala. Mwenye ndoa akumbuke kwamba ardhi ya familia ina watu wawili ndani yake. Sheria ya Ardhi inahitaji ridhaa ya mwenzi katika uhamishaji wa ardhi ya ndoa, na kwa hiyo ni vema majina ya mume na mke yaonekane kwenye fomu tangu mwanzo.

Je, ardhi imetwaliwa au imewekewa haki ya njia?

Swali hili liulizwe mapema kuliko mengine yote, kwa kuwa majibu mengine hutegemea jibu lake.

Ardhi ikitwaliwa, umiliki wako katika kipande hicho unakoma. Unalipwa fidia kamili, na matumizi yoyote ya baadaye hutegemea ruhusa ya mmiliki mpya. Ikiwa imewekewa haki ya njia, umiliki unabaki kwako lakini matumizi yako yanawekewa masharti: waweza kulima mazao fulani, lakini huwezi kujenga wala kupanda miti mirefu, na mafundi wana haki ya kuingia kwa ajili ya matengenezo. Fidia katika hali hii hulipwa kwa kile unachopoteza.

Omba jibu liandikwe kwenye nakala utakayobaki nayo. Mjukuu wako atakapoulizwa miaka 20 ijayo kwa nini analima hapo, maneno ya mkutano wa kijiji hayatamsaidia.

Fidia inakokotolewaje?

Kanuni za Ardhi za mwaka 2001 kuhusu ukadiriaji wa fidia zinataja mambo yanayopaswa kuhesabiwa. Tunayaeleza hapa kwa lugha nyepesi.

Thamani ya ardhi na maendelezo yake: hii ni bei ya soko ya ardhi, pamoja na nyumba, miti, mazao ya kudumu na kazi nyingine iliyowekezwa humo.

Posho ya usumbufu: hupatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa wastani wa riba ambayo benki za biashara hutoa kwa amana za muda maalumu za miezi 12.

Posho ya makazi: ni kodi ya pango ya soko ya nyumba hiyo kwa mwezi, mara miezi 36.

Posho ya usafiri: ni gharama halisi ya kusafirisha mizigo ya tani 12 katika umbali usiozidi kilomita 20.

Fidia ya kupoteza faida: ni faida halisi ya biashara kwa mwezi, mara miezi 36.

Posho za makazi, usafiri na upotevu wa faida hazilipwi kwa ardhi ambayo haikaliwi wala kutumiwa wakati wa uthamini.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwananchi ana kipande chenye thamani ya shilingi 3,000,000. Ndani yake kuna michungwa na migomba yenye thamani ya shilingi 1,400,000, na nyumba ndogo ya shilingi 1,100,000. Jumla ni shilingi 5,500,000. Ikiwa wastani wa riba ya amana ni asilimia 8, posho ya usumbufu ni shilingi 440,000. Ikiwa nyumba hiyo ingepangishwa kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, posho ya makazi ni shilingi 720,000. Gharama ya usafiri ikiwa shilingi 180,000, jumla kuu inafikia shilingi 6,840,000.

Sasa tuseme mwananchi huyo ana duka dogo barazani, na faida yake halisi ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Fidia ya kupoteza faida ni shilingi 2,160,000, na jumla inapanda hadi shilingi 9,000,000. Lakini mthamini atahitaji uthibitisho wa faida hiyo. Mwenye duka aliyetunza daftari la mauzo, risiti na leseni atakuwa na cha kuonyesha, na asiyekuwa navyo atakuwa na maneno tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mfano huu, kinachoweza kupotea ni shilingi 2,160,000.

Muda wa malipo nao umewekewa utaratibu. Fidia inapaswa kulipwa ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe. Ikichelewa zaidi ya hapo, mwananchi anastahili riba kwa kiwango cha amana za benki. Katika mfano wetu, riba ya asilimia 8 kwa mwaka juu ya shilingi 9,000,000 ni shilingi 720,000, yaani shilingi 60,000 kwa kila mwezi wa ucheleweshaji. Na miaka miwili ikipita bila malipo, uthamini huo hupoteza uhalali na ni lazima ufanywe upya. Kwa sababu hiyo, andika tarehe ya uthamini na uulizie tarehe ya kuidhinishwa kwake. Bila tarehe hizo hutajua ni lini miezi sita imetimia.

Siku ya uthamini: mambo ya kuzingatia

Uwepo mwenyewe, au mtume mtu mzima unayemwamini ukiwa umempa idhini ya maandishi. Awepo pia kiongozi wa kijiji au kitongoji na majirani unaopakana nao.

Tembea pamoja na mthamini hadi kwenye mipaka. Hesabuni miti pamoja, kila aina na umri wake, kwa sababu mche wa mchungwa na mchungwa unaozaa havilingani thamani. Kisima, choo, uzio, zizi na ghala vyote vihesabiwe.

Mazao ni ya aliyeyapanda. Ikiwa umekodi shamba, toa taarifa ili mazao yako yaandikwe kwa jina lako, na uonyeshe makubaliano yako na mwenye shamba. Ikiwa wewe ndiye mwenye shamba, usikubali kuandikiwa mazao ya mpangaji wako. Mgogoro utakaozuka utachelewesha malipo ya wote wawili.

Ikiwa kuna kaburi, lisemwe siku hiyohiyo. Uhamishaji wa makaburi una sheria yake ya mwaka 1969, na hufanywa kwa kuzingatia imani na heshima ya wafiwa. Mahali pa matambiko napo patajwe, hata kama kwa macho ya mgeni ni mti mmoja tu.

Ulizia kuhusu kipande kitakachobaki. Mkuza ukipita katikati ya shamba dogo, pembe zinazobaki huweza kuwa finyu kiasi cha kutolimika. Omba jambo hilo liandikwe kwenye maelezo ya mthamini.

Usipande wala kujenga baada ya tarehe ya mwisho iliyotangazwa. Vitu vilivyoongezwa baada ya tarehe hiyo havihesabiwi, na vinaweza kuleta mashaka hata juu ya vile ulivyostahili.

Kabla ya kuondoka, soma kilichoandikwa, hakikisha jina lako linafanana na la kitambulisho na la akaunti ya benki, kisha uchukue nakala. Huna simu ya kupiga picha? Mwombe jirani aipige picha fomu yenyewe.

Mafundi wanapoingia kwa ajili ya matengenezo

Mtoa huduma ana haki ya kuingia katika mkuza ili kukata matawi, kubadili nguzo au kuchimbua bomba. Wewe nawe una haki ya kupewa taarifa mapema, isipokuwa pale penye dharura kama waya kukatika au bomba kuvuja. Hata katika dharura, mazao yaliyoharibiwa huhesabiwa baadaye na kulipwa.

Mtu anayekuja awe na kitambulisho cha kazi na barua ya utambulisho, na awe amepita kwanza ofisi ya kijiji au mtaa. Ikiwa una shaka, mpeleke kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kumfungulia njia. Afisa wa kweli hatakasirika.

Mweleze ratiba yako ya kilimo. Kazi isiyo ya dharura inaweza kusubiri wiki chache hadi mahindi yavunwe, na afisa makini atapendelea kusubiri kuliko kulipa. Tukiwa na misimu miwili ya mvua, vuli na masika, nafasi ya kupanga pamoja huwa ipo endapo mazungumzo yatafanyika mapema.

Kabla kazi haijaanza, hesabuni mazao yaliyo katika eneo litakaloguswa na mtie saini wote wawili. Kazi ikiisha, hesabuni tena. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo msingi wa dai lako, na bei zake hufuata viwango vya mazao vinavyotolewa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Miti ikikatwa, iandikwe pia ni nani atakayechukua mbao na kuni. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, utengwe wakati wa kuchimba na urudishwe juu wakati wa kufukia. Ukichanganywa na udongo wa chini, shamba hudhoofika kwa misimu kadhaa.

Wajibu wa mwenye ardhi

Haki hizi zina upande wa pili. Masharti ya mkuza yamewekwa kwa ajili ya uhai wa watu, na mfano wa karibu upo kwa majirani zetu. Tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka katika bomba linalopita mtaa wa Sinai jijini Nairobi na kuingia kwenye mfereji wa maji machafu. Watu walikwenda kuichota. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Nyumba zilikuwa zimesongamana hadi kwenye njia ya bomba lenyewe.

Mafuta ghafi ya Hoima hayafanani na petroli. Ni mazito na yana nta nyingi, kwa hiyo bomba hufunikwa kwa kizuia joto na kupashwa moto kwa umeme ili mafuta yabaki katika zaidi ya nyuzi joto 50. Maana yake ni kwamba kinachofukiwa ardhini ni bomba la mafuta ya moto likiandamana na kebo za umeme. Shimo la choo, kisima au mizizi ya mwembe katika njia hiyo ni hatari kwa mchimbaji, kwa familia yake na kwa mto ulio jirani.

Kwa nyaya za msongo mkubwa, hatari ni ya aina nyingine. Umeme huo unaweza kuruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye tawi, ngazi au bomba la chuma bila kugusana. Moshi mzito wa shamba linalochomwa chini ya nyaya nao unaweza kuupa umeme njia ya kushuka. Wakulima wanaosafisha mashamba kwa moto wasifanye hivyo kamwe chini ya nyaya hizo.

Kwa hiyo, ndani ya mkuza usijenge, usichimbe, usichome moto, usipande miti mirefu au yenye mizizi ya kina, usihamishe nguzo za alama, na usifungue valvu. Ukiona unyevu wa mafuta, harufu isiyo ya kawaida, nyasi zilizonyauka pasipo sababu, maji yanayobubujika au waya ulioanguka, kaa mbali, uwazuie watoto, na utoe taarifa mara moja kwa mtoa huduma na kwa uongozi wa kijiji. Moto ukitokea, piga 114.

Nani apelekewe lalamiko?

Malalamiko mengi huchelewa kwa sababu yamepelekwa mahali pasipohusika. Tunayagawa katika makundi matatu.

Lalamiko linalohusu huduma, usalama wa miundombinu au mwenendo wa mtoa huduma, kama vile mafundi kuharibu mazao na kukataa kuyahesabu, lianzie kwa mtoa huduma mwenyewe kwa maandishi. Usiporidhika na majibu, au usipojibiwa, lilete EWURA, au uombe msaada kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo kazi yake ni kumtetea mtumiaji. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Kumleta mlalamikaji mbele yetu hakuhitaji wakili wala ada.

Lalamiko linalohusu kiwango cha fidia au makosa katika uthamini lianzie kwa mthamini wa halmashauri na ofisi ya mradi, kisha lipelekwe kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Hapa ni vema tuwe wazi: EWURA haina mamlaka ya kubadili thamani ya ardhi yako.

Mgogoro wa umiliki au mpaka huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji na Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu na halitoi hukumu ya ardhi. Usuluhishi ukishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na baadaye Mahakama Kuu.

Popote uendapo, beba vitu vitano: nakala ya fomu ya uthamini, kitambulisho, uthibitisho wa umiliki kama vile hati ya hakimiliki ya kimila au barua ya kijiji, picha za eneo, na orodha ya tarehe zote muhimu pamoja na majina ya maofisa uliozungumza nao. Mwananchi aliyebeba vitu hivyo husikilizwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa maswali ya mwanzo ya anayempokea tayari yana majibu.

Neno la mwisho

Afisa wa mkuza atakayebisha hodi kwako ana kazi ngumu, na mara nyingi ana nia njema. Mpokee kwa heshima, mpe taarifa za kweli, na umuulize maswali yote yaliyomo katika makala hii. Akijibu na kuandika majibu yake, mmeanza vizuri nyote wawili. Akisita kuandika, usitie saini siku hiyo; nenda kwanza ofisi ya kijiji ukapate ushauri.